Magnolia Katika Kiambo cha Nyakoe

Mtu atakaye kupamba kiambo chake kwa mti wa maua usiopukutisha majani yake wakati wa kiangazi, naye akawa mkazi wa Nyakoe au wa sehemu yoyote ya miinuko hii ya Kisii na Nyamira, ana jambo moja la kulikata moyoni kabla hajauliza bei ya mche, nalo ni kwamba magnolia, mti ambao wengi huupendea ua lake kubwa jeupe na rihi yake, hauonyeshi ua hilo kwa muda mrefu: likifunuka leo, siku tatu au nne hazipiti ila limekwisha kugeuka hudhurungi na kudondoka. Majani yake ndiyo yatakayokuwa mbele ya macho yako asubuhi na jioni, masika na kiangazi, na ndiyo utakayoyafagia. Kwa hiyo anayeutaka mti huu na autake kwa ajili ya jani, na ua alihesabu kuwa tunu ya ziada. Na yule ambaye jani halimpendezi, heri apande kitu kingine, maana mti huu haung'oki kwa urahisi wala haufi mapema.

Jani lenyewe, kusema haki, lastahili kupendwa. Urefu wake aghalabu ni baina ya sentimita 12 na 20, nalo ni nene na gumu kama ngozi iliyodabaghiwa. Uso wake wa juu ni wa kijani kilichokoza, nao hung'aa hata pasipo mvua, na upande wake wa chini, katika miti mingi, umefunikwa na manyoya mafupi laini yenye rangi ya kutu, hata upepo wa alasiri unapoyapindua majani mti mzima huonekana umebadili vazi. Mti mchanga huwa na umbo la pia, mpana chini na uliochongoka juu, na ukizeeka kilele chake hutanda kikawa mviringo. Kivuli chake ni kizito kupita cha mwembe, na jambo hili, ambalo mgeni hulisikia kama sifa tupu, lina upande wa pili ambao tutaufikia.

Asili yake ni kusini-mashariki ya Marekani, kuanzia pwani ya North Carolina mpaka Florida, na kuelekea magharibi mpaka sehemu za mashariki za Texas, nchi zenye joto, unyevu na mvua maridhawa, ambako miti iliyokomaa hufikia kimo cha mita 18 hadi 27. Mwanazuoni wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuandika katika elimu ya mimea mwaka 1759 kwa jina la Magnolia grandiflora, na neno la kwanza katika jina hilo ni kumbukumbu ya Pierre Magnol, tabibu na mjuzi wa mimea wa Montpellier katika Ufaransa, aliyefariki mwaka 1715. Jimbo la Mississippi liliufanya mti huu kuwa mti wake rasmi mwaka 1938, na ua lake kuwa ua la jimbo mwaka 1952. Kuhusu umri wake, yatosha kutaja magnolia moja iliyosimama ubavuni mwa Ikulu ya Marekani mjini Washington, ambayo kwa mapokeo yasemwa ilipandwa na Rais Andrew Jackson kwa kumkumbuka mkewe Rachel, aliyeaga dunia mwezi wa Desemba 1828. Mti huo uliwaona marais wakiingia na kutoka, na miaka yake ya mwisho ukashikiliwa kwa nguzo na nyaya za chuma, hata ulipokatwa mwezi wa Aprili 2025. Nakutajia habari hizi si kwa kukupumbaza kwa mambo ya ughaibuni, bali upate kujua kwamba unapopima mahali pa mche wako wa sentimita 50 unawapimia na wajukuu.

Barani Afrika hakuna magnolia ya asili. Ndugu zake wa karibu wako Asia na Amerika. Hata hivyo ukipanda juu katika nasaba yake utawakuta binamu ambao tumezoeana nao siku nyingi: mstafeli na mtomoko, mlangilangi ambao maua yake watu wa Unguja na Pemba huyapenda pamoja na asumini, na mkungumanga wa mashamba ya viungo, yote hiyo wataalamu huihesabu kuwa ya kundi moja na magnolia, na mbali kidogo, katika ukoo ulio mpana zaidi, umo mdalasini, na umo mparachichi.

Huo wa mwisho ndio unaomfaa mtu wa Nyakoe kama mizani. Hakuna boma huku lisilo na mparachichi, na kila mwenye boma anajua ulipo ule uliostawi na ulipo ule uliochakaa, ambao majani yake yalipungua na kufifia, matawi ya juu yakakauka moja moja, na ukichimba chini unakuta mizizi myeusi inayomeguka. Magnolia nayo ina chuki hiyo hiyo ya maji yaliyotuama na udongo uliobanana, na uozo wa mizizi huiingia kwa mlango ule ule. Basi kabla ya kuita mtaalamu wa aina yoyote, zunguka kiambo chako ukiitazama miparachichi: pale ambapo mparachichi wa miaka kumi umesimama na afya, magnolia itasimama, na pale ambapo ulikufa bila sababu ya dhahiri, usipeleke mche wa bei ghali ukauzike.

Kwa ujumla ardhi ya huku imeupendelea mti huu kuliko wengi wanavyodhani. Mji wa Kisii uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyakoe, iliyo kaskazini yake katika barabara ya kwendea Oyugis na Kisumu, haiachani mno na kimo hicho. Joto si la kuunguza wala baridi si ya kugandisha, na mvua, ambayo katika sehemu nyingi za kaunti hizi hupita milimita 1,500 kwa mwaka, hunyesha kwa wingi kuanzia Machi mpaka Mei au Juni, kisha hurudi Septemba mpaka Novemba, hata miezi inayobaki haikosi manyunyu. Udongo mwekundu wa miteremko ni wenye kina na hupitisha maji vizuri, na kwa kuwa mvua nyingi imeuosha kwa karne nyingi, una uchachu wa kiasi ambao chai na kahawa huufurahia, na magnolia vilevile. Mabondeni ni habari nyingine. Kule chini kwenye ufinyanzi mweusi, ambako watu walipanda mikaratusi ili inywe maji, usiipeleke magnolia hata kama ndiko nafasi iliko. Na hata mteremkoni jiepushe na jirani wa mikaratusi, kwa sababu huo ni mti usiojua kugawana maji na mwenziwe.

Uchachu huo wa udongo unadai hadhari mbili. Ya kwanza ni chokaa: wakulima wengi wa mahindi wameshauriwa, tena kwa haki, kumwaga chokaa shambani ili kupunguza uchachu, lakini mti huu hautaki fadhila hiyo, na ukiupanda ukingoni mwa shamba lililotiwa chokaa utaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Ya pili ni saruji. Nyumba nyingi za matofali zinajengwa siku hizi, na mwashi amalizapo kazi huosha ndoo na koleo zake pembeni mwa ukuta, humwaga mabaki ya lipu hapo hapo, kisha mwenye nyumba huja na kupanda maua juu ya makaburi hayo ya saruji. Chimba kwanza ukaone kilichozikwa; ikiwa ni vifusi, viondoe au sogea mbali. Anayetaka ithibati kuliko ya macho na apeleke udongo wake ukapimwe, na maofisa wa kilimo wa kaunti watamwelekeza namna ya kuuchota.

Sasa tuje kwenye nafasi, ambayo katika nchi yetu ndiyo taabu hasa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii, na mtu aliyerithi kipande cha nusu ekari, akatoa humo nyumba, jiko, choo, zizi, migomba na mboga, hana pa kuchezea. Magnolia kamili, ile isiyodumazwa, hutanda mita 9 na zaidi ikikomaa, na mizizi yake, iliyo minene na yenye kutambaa karibu na uso wa ardhi, huenda mbali kuliko matawi. Usiipande, basi, chini ya mita 6 kutoka ukuta wa nyumba, na 8 ni bora. Iwe mbali na shimo la choo, mbali na mabomba ya maji, na isiwe chini ya nyaya za umeme, kwa kuwa shirika la umeme likija kuzisafisha njia zake halitazami uzuri wa mti bali hukata kilele, na magnolia iliyokatwa kilele haina tena umbo la kuitazama. Mpaka nao ni wa kuogopwa. Kivuli chake kikiangukia mahindi au chai ya jirani yako hakuna kitakachomea chini yake, na maneno yatakayozuka yatakwenda mpaka kwa chifu; kwa hiyo kaa naye kikao mapema, au bora zaidi uupande katikati ya ardhi yako mwenyewe. Upande wa kaskazini na wa kusini wa nyumba haupishani sana huku kwetu, tulio karibu na mstari wa ikweta, lakini magharibi pana faida: mti uliosimama magharibi mwa baraza utaikinga na jua la saa tisa na saa kumi, ambalo ndilo linalochosha wazee.

Liko pia jambo la radi. Nchi ya Kisii inajulikana kwa radi zake, nazo zimeua watu na mifugo mara nyingi. Mti mrefu uliosimama peke yake juu ya kilima ni shabaha ya radi, uwe magnolia au uwe mwingine. Usiupande basi kileleni kabisa mwa ardhi yako mahali ambapo watoto hupitia wakitoka shuleni wakati wa mvua, usiruhusu matawi yaegemee paa, na wala usimsikilize akuambiaye kwamba mti karibu na nyumba huizuia radi. Kizuia radi ni chuma na waya uliofukiwa ardhini na fundi aijuaye kazi yake.

Kwa mwenye nafasi ndogo dawa ipo, nayo ni kuchagua aina. Mwaka 1952 kitalu kimoja cha North Carolina kilitoa aina iitwayo Little Gem, yenye majani madogo, manyoya ya kutu yaliyokolea upande wa chini, na umbo jembamba lililosimama, ambayo kwa kawaida hukomea yapata mita 6 kwenda juu na 3 kwenda kando, tena huanza kutoa maua ingali changa. Hiyo ndiyo ninayoiona inafaa kwa viambo vingi vya Nyakoe, na inaweza kusogezwa mpaka mita 3 au 4 kutoka ukutani. Aina kubwa niziachie makanisa, shule na vyuo vyenye viwanja, ambako safu ya magnolia kandokando ya njia ya kuingilia itakuwa na haiba kubwa na hakuna jirani atakayelalamika.

Ukifika kitaluni, usitosheke na neno magnolia lililoandikwa kwenye kibao. Uliza kwanza kama mche ulitokana na mbegu au ulibebeshwa, kwa sababu uliotokana na mbegu waweza kukuweka miaka kumi na zaidi bila ua hata moja, wala hakuna ajuaye umbo wala ukubwa utakaokuja nao, ilhali uliobebeshwa au uliotokana na tawi la mti unaojulikana utafuata tabia ya mama yake na kuchanua mapema zaidi. Kisha uliza kama unapukutisha majani. Picha nyingi zinazozungushwa kwenye simu, zile za mti ulio uchi bila jani hata moja na umejaa maua ya waridi kutoka shina mpaka ncha, ni za magnolia za jamii nyingine, zilizotokana na miti ya Uchina na kuchanganywa Ufaransa katika karne ya 19, nazo zinahitaji kipupwe cha kweli ili zilale na kuamka. Hapa hakuna wa kuzilaza. Muuzaji akikuonyesha picha hiyo huku mkononi ana mche wa majani manene yang'aayo, mojawapo ya viwili hivyo si kweli. Na kama haja yako hasa ni manukato kuliko umbo, iko champaka ya Kihindi, ndugu yake wa nchi za joto, yenye maua madogo ya manjano na harufu inayovuka ua wa jirani. Lakini nayo hurefuka sana, na majani yake hayana mng'ao wa grandiflora.

Nisipokuambia na hili nitakuwa nimekunyima nasaha: si kila kiambo kinahitaji mti wa kutoka mbali. Siala, kama majirani zetu Wajaluo wauitavyo, mti wa asili ambao haukosi majani, hutoa maua ya manjano kwa vishada, hukua upesi, hausumbui mazao kwa kivuli, na ukipogolewa hukupa fito na nguzo za kujengea. Mwenye robo ekari anayetaka maua na faida kwa pamoja na apande huo, asione haya. Kifabakazi, ule mti wa maua mekundu ya moto unaoonekana kando ya barabara nyingi za magharibi ya Kenya, ni mzuri kuutazama ukiwa mbali, lakini matawi yake ni tepetepe na huvunjika kwa dhoruba. Usiuweke karibu na paa. Magnolia ina mbao ngumu zaidi na hushika upepo vizuri, nayo hii ni mojawapo ya sababu za kuistahi.

Ama kupanda, wakati wake ni mwanzo wa masika, mvua ikiisha kunyesha siku kadhaa na ardhi ikalowa mpaka chini. Aliyeukosa Machi na Aprili na angoje Septemba. Chukua mche mdogo. Huu ni mti usiopenda kuhamishwa, mizizi yake ina nyama na hukatika kwa urahisi, tena ikikatika haichipui kwa haraka kama ya miti mingine, kwa hiyo mche wa nusu mita uliokuzwa vizuri utaupita katika miaka michache ule wa mita mbili ulioteswa safarini juu ya pikipiki. Chimba shimo pana, mara mbili au tatu ya upana wa bonge la mizizi, lakini lisizidi kimo cha bonge hilo, kwa sababu mche ukikaa juu ya udongo uliolegezwa utazama kidogo kidogo mpaka shingo yake ifukiwe, na shingo iliyofukiwa huoza. Rudishia udongo ule ule ulioutoa, ukiuchanganya na samadi iliyooza hasa, si ile inayotoa mvuke. Uuchane mfuko wa nailoni kwa kisu badala ya kuvuta shina. Na ikiwa mizizi imezunguka ndani ya mfuko kwa miaka, ifungue kwa vidole taratibu na kuielekeza nje, maana isipofunguliwa itaendelea kuzunguka mpaka iunyonge mti wenyewe.

Baada ya hapo kazi kubwa ni matandazo. Majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi au maganda ya kahawa, yatandazwe kwa unene wa sentimita 8 hivi kwa duara la mita moja, yakiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo hayo huhifadhi unyevu, huoza yakawa mbolea, na zaidi ya yote humzuia mtu mwenye jembe. Mizizi ya magnolia iko juu juu, na desturi yetu ya kulima kila mahali mpaka kwenye shina la mti, tukitia maharagwe hapa na sukuma huko, huikata mizizi hiyo kila msimu. Wengi husema mti wao umekataa kukua, kumbe wao wenyewe huufyeka kwa chini mara mbili kwa mwaka. Mbuzi nao wazuiliwe kwa uzio wa fito mpaka matawi yawe juu ya vinywa vyao. Desemba, Januari na Februari, kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, mche upate maji ya mtungi wa lita 20 mara mbili kwa juma, yakimwagwa polepole ili yazame. Baada ya hapo mti utajitegemea, isipokuwa kiangazi kikizidi kiasi.

Mvua ya mawe, ambayo katika miinuko hii si jambo la ajabu, huyachanachana majani mapana kama ya migomba, na magnolia haisalimiki nayo kabisa, ijapokuwa unene wa jani huipunguzia madhara. Ikipigwa, usikimbilie kupogoa. Majani yaliyotoboka bado yanafanya kazi, na mapya yatachipuka msimu ujao; ukiyakata yote kwa kuchukizwa na sura yake utakuwa umeukamilisha msiba ulioanzwa na mvua.

Kupogoa kwenyewe ni kwa uchache sana. Majeraha ya mti huu hupona polepole, na umbo lake la asili ni zuri kuliko lolote litakaloletwa na panga. Ondoa tawi lililokufa, ondoa moja kati ya mawili yanayosuguana, na mti mchanga ukitoa vilele viwili kata kimoja mapema. Zaidi ya hapo uuache. Na hapa narudi kwenye kivuli nilichokiahidi. Wengi hukata matawi ya chini ili waweke viti na nyasi chini ya mti, na baada ya mwaka wanashangaa kwamba nyasi zimekufa na kwamba majani makavu yamejaa uwanjani mwaka mzima. Mti usiopukutisha si mti usiodondosha: jani la magnolia hukaa tawini yapata miaka miwili, kisha huanguka, moja leo na kumi kesho, na likianguka haliozi upesi kwa sababu ya ugumu wake. Yaache matawi ya chini yafike ardhini. Majani yataangukia ndani ya pazia hilo, hayataonekana, yatakuwa matandazo ya bure, na hutakuwa na nyasi za kuzililia. Kama umekwisha kata, basi kusanya majani, yakatekate kwa panga au uyapitishe chini ya kwato za ng'ombe zizini, ndipo uyatie kwenye shimo la mboji. Yakitiwa mazima utayakuta mwaka ujao yalivyokuwa.

Ua, ambalo nimelichelewesha makusudi, huchanua katika ncha za matawi, nalo laweza kufikia upana wa sentimita 30, lenye petali nene nyeupe kama sita hadi kumi na mbili, na harufu ya limau iliyochanganyika na utamu. Kwao huchanua kwa wingi kuanzia Mei na Juni, siku zinaporefuka. Huku kwetu, ambako mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, usiingoje tarehe, bali tazamia maua machache machache, baada ya mvua hasa. Maumbile yake ni ya kale mno. Jamii hii ilikuwako duniani zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita, kabla nyuki hawajaenea, na mpaka leo wachavushaji wake wakuu ni mbawakawa: ua hufunguka kwanza likiwa tayari kupokea chavua, hujifunga usiku, kisha hufunguka tena likitoa chavua yake, na stameni huanguka ndani ya petali kama njiti. Ukiwaona wadudu wagumu wakitambaa humo usipulize dawa. Hawali mti, wanautumikia.

Usiliguse ua hilo kwa vidole, kwa kuwa kila ulipoligusa patatokea doa la kahawia kabla ya jua kuzama, na kwa sababu hiyo hiyo halifai kukatwa kwa ajili ya meza ya arusi ila likiwa bado tumba na likatiwa majini jioni ya kuamkia siku yenyewe. Majani ndiyo hazina ya mpambaji. Tawi la magnolia likikatwa hukaa siku nyingi bila kunyauka, na hata likikauka hubaki na umbo lake, upande mmoja wa kijani na wa pili wa kutu. Wasukao mashada ya maziko na wapambao makanisa ya Kisii na Nyamira kwa maua yanyaukayo kabla ya sala kwisha wangepata humo akiba ya mwaka mzima.

Mwisho ni habari ya mbegu, kwa kuwa wenyeji wetu wengi wana ndugu Marekani na hakuna atakayeacha kuwaagiza. Wale wa Minnesota, ambako Abagusii wamefanya makazi makubwa, hawataweza kukusaidia kwa cha kuokota njiani, maana baridi ya huko huua grandiflora. Lakini walioko Texas, Georgia na Carolina huipita kila siku. Waambie wasitie mbegu wala vipandikizi mkobani kimyakimya: mmea wowote uingiao Kenya hutakiwa kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea nchini, na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka, na kanuni hiyo ndiyo inayoilinda miparachichi yako na kahawa yako dhidi ya maradhi ambayo bado hayajafika. Ukipata mbegu za hapa hapa, zilizotoka kwenye tunda linalofanana na koni yenye manyoya, zichukue zikiwa bado nyekundu, zikining'inia kwa nyuzi zake nyembamba, kabla ndege hawajazimaliza. Loweka siku moja au mbili, sugua nyama nyekundu yenye mafuta mpaka ibaki mbegu nyeusi, wala usizianike juani, kwa maana zikikauka hufa. Kwa kuwa hatuna kipupwe cha kuziamsha, zichanganye na mchanga wenye unyevu ndani ya kopo lenye kifuniko, uziweke kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha, kwa miezi mitatu au minne. Kisha zipande kitaluni kwa kina cha sentimita moja, chini ya kivuli chepesi, na uandike tarehe juu ya kibao, maana kuchipua kwake kwaweza kuchukua majuma mengi na mtu mwingine nyumbani aweza kuvichimbua vitalu hivyo kwa kudhani vimeachwa.